Wakuu, nisaidieni bango la kibanda: maneno ya kawaida tu, ila yaanze na sauti moja

Mpika Chapati (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Nina kibanda changu cha chai karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Wateja wangu wengi ni abiria, wachache makondakta na bodaboda. Mwaka wa tatu huu sina bango, watu wanafuata harufu tu.

Sasa nimempata fundi wa mabango, mwandiko wake mzuri ajabu, lakini anatoza kwa herufi: shilingi 500 kila moja. Nilikuwa nimeandika hivi kwenye karatasi:

KARIBUNI MPATE CHAI NZURI NA CHAPATI ZA MOTO

Akahesabu mbele yangu kwa kalamu. Herufi 37. Yaani 18,500. Nikamwambia ngoja kwanza.

Jioni mwanangu, yupo darasa la sita, akaniambia, "Mama, maneno yakianza na sauti moja yanakaa kichwani. Chai, chapati, unaona?" Nimekaa nayo siku mbili na kweli haitoki. Chai, chapati... halafu? Nataka neno la tatu, mambo yaishe. Maneno ya kawaida jamani, ya mezani na barabarani. Msiniletee Kiswahili cha mtihani.

Naomba kuwasilisha.

---

Dereva wa Masafa

Siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

---

Kalamu Kavu

Bango halipiki chapati. Chapati ikiwa nzuri watu watakuja hata uandike kwa mkaa ukutani. Hizi za kurudia-rudia herufi ni utoto, vitanzandimi vya darasa la pili. "Wale watu wa Liwale wala wali wa Liwale." Halafu?

---

mtoto wa bandarini

> Wale watu wa Liwale wala wali wa Liwale

Sisi Mombasa tulifunzwa *liwali*, yule mkubwa wa serikali zamani, siye Liwale mji. Wali wa liwali. Ina maana zaidi, maana liwali ndiye mwenye wali wa kulisha watu.

Dada, chukua hii: CHAI CHAPATI CHAPUCHAPU. Imeisha hiyo. Abiria anaiona kutoka dirishani.

---

Dereva wa Masafa

CHAPUCHAPU nakazia. Abiria hana muda, basi linapiga honi.

---

Mpika Chapati

Hapo mmenigusa wakuu. Nimehesabu: chai 4, chapati 7, chapuchapu 10. Jumla 21, yaani 10,500. Bei imeshuka sana. Wengine mna lingine?

---

Mwalimu wa Zamu

Salaam kwa wote. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na mada hii huwa naiona inafundishwa vibaya, basi niruhusuni nirefushe kidogo. Dada, samahani, hii si ya mtihani.

Kitabuni inaitwa takriri, na hii ya konsonanti ni takriri konsonanti. Mwanafunzi ukimwambia atunge, dakika moja tu anakuletea: "Kikombe kikubwa kile kimevunjika." Anafurahi, K nne. Namwambia, mwanangu, hiyo hujatunga wewe, imetungwa na ngeli. Hata mtu anayegombana na mkewe kuhusu kikombe atasema hivyohivyo. Lugha yetu kwa upatanisho wake inagawa takriri bure kila sentensi, kama maji ya mvua, na kitu cha bure sikio halikihesabu.

Kipimo changu ni kimoja: tia kwenye wingi. "Vikombe vikubwa vile vimevunjika." K za mwanzo zimekimbia zote, zimekuja V. Ujue ile sauti ilikuwa ya kiambishi, imeazimwa. Sasa pima maneno ya dada: chapati moja, chapati kumi. CH imebaki. Chai haina hata wingi wa kuhangaika nao. Lakini angeniletea *chungu* au *chombo* ningemwonya, kwani kesho vitakuwa vyungu na vyombo, na CH yake imekwenda.

Ndiyo maana methali "chanda chema huvikwa pete" mimi siihesabu kama mfano mzuri ingawa vitabu vingi vya mazoezi vinaipenda. Vyanda vyema. Umeona?

Sasa sikilizeni hii: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Isomeni kwa sauti. KUku, haKOsi, KAmba: K tatu, zote zimeangukia pale pale mkazo unapoangukia. Na kando yake mgeni na mguuni, zile G mbili zimejificha nyuma ya M. Hakuna ngeli iliyolazimisha kuku afungwe kamba. Aliyesema kwanza alikuwa na sikio.

Kwa hiyo ushauri: tafuta sauti kwenye mzizi, si kwenye kiambishi.

---

Kalamu Kavu

Mwalimu nimekusoma. Ila kwa hesabu yako nusu ya methali zetu hazina kitu.

---

Mwalimu wa Zamu

Zina kitu kingine. "Haraka haraka haina baraka" watu wanadhani utamu wake ni H. Tamka taratibu: haRAka, haRAka, baRAka. Kinachopiga ngoma ni hiyo RA ya katikati, H zimesindikiza tu. Na "paka akiondoka panya hutawala": PAka, PAnya. Wanyama wawili wa nyumbani, silabi moja, na ugomvi wao wote umo humo.

---

Mama Doti

Mimi nauza kanga, naomba niseme. Kanga ina pindo, mji na jina. Jina ndilo linalouza! Mteja anaweza kupenda rangi akaiacha kwa sababu ya jina. Na jina lina mstari mmoja tu pale chini, hakuna nafasi ya hadithi.

Zinazotoka haraka ni zile zinazogongana. "Hasidi hana sababu." Maneno matatu. H, H, halafu S ya hasidi inakutana na S ya sababu. Au ile ya "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Meno ndani ya maneno. Mteja akiisoma mara moja anaondoka anaisema, na hapo keshanunua, au jirani yake aliyelengwa keshasikia.

Mwalimu, hii ya kwenye wingi sijui, lakini naona unachosema. Yale majina yanayojiendesha kwa cha-cha-cha au ki-ki-ki tu hayakai.

---

Ulimi Mzito

Mimi l na r kwangu ni ndugu mapacha. Nikisema "lori la rangi limeleta redio" hapo nina takriri kuliko nyie wote. Sihitaji mwalimu 😂

---

mtoto wa bandarini

> Ulimi Mzito

Yarabi. Nimecheka mpaka chai imenipalia.

---

Sombe na Samaki

Nawasalimu toka Lubumbashi. Jina langu hapa ni takriri, sikuwa najua mpaka leo! Sombe ni majani ya muhogo ya kutwanga, na samaki mnamjua.

Nataka kuongeza kwa mwalimu. Nyinyi munasema "watu wote wanakula ugali". Siye huku mtaani: *batu bote banakula bukari.* Munaona? Kwenu ni W tatu, kwetu ni B tatu, na ya nne tumepata kwa bukari. Hakuna mtu wa soko anayedhani amesema shairi. Kwa hiyo ni kweli, ile ya kiambishi inabadilika hata kwa kuvuka mpaka. Lakini sombe na samaki ukiyapeleka Dar yanabaki S.

---

Mwalimu wa Zamu

Ndugu wa Lubumbashi, mfano wako ni mzuri kuliko wangu wote. Nitauiba.

---

Kalamu Kavu

Sawa. Ngoja niwape kazi. Mwalimu anasema kiambishi hakihesabiwi. Kwenye Ngao ya Taifa yetu imeandikwa UHURU NA UMOJA. Hizo U mbili zote ni viambishi. Huru, uhuru. Moja, umoja. Je, ngao nayo ni takriri ya bure?

---

Dereva wa Masafa

Hapo sasa! Mwalimu kabanwa. Naleta popkoni.

---

Mwalimu wa Zamu

Nimebanwa nusu. Ni kiambishi, kweli. Lakini tazama, *uhuru* haukuilazimisha *umoja* ivae U, kama vile kikombe kinavyoilazimisha *-kubwa* ivae ki. Ni nomino mbili huru (samahani kwa neno), zingeweza kuwa "uhuru na amani" au "uhuru na kazi", na mambo yakaenda. Mtu kachagua. Kwa hiyo nairekebisha kanuni yangu: kinachokataliwa ni ule mfuatano unaotokana na upatanisho. Nomino mbili zikikutana kwa hiari yake aliyeandika, na zote zina U, nakubali, ingawa bado naiona nyepesi kuliko "Kilimo Kwanza", ile kaulimbiu ya serikali ya 2009. Pale *kwanza* haipatani na kitu, imekaa yenyewe na K yake, na ndiyo maana wakulima na wasio wakulima waliishika.

---

Kijana wa Garissa

Nimefurahi kupata uzi huu. Mimi nyumbani tunaongea Kisomali, shuleni Kiswahili. Mnachojadili hapa kwetu ni sheria, haina hiari. Inaitwa *xarafraac*, kufuata herufi. Mshairi akiamua B, basi ni B tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kwenye gabay, aina ya shairi ambalo mstari wake una vipande viwili, kila kipande kinadai neno lake la B. Tungo inaweza kwenda mistari mia, na mshairi hana ruhusa ya kuchoka. Irabu zote zinahesabiwa sauti moja, hiyo ndiyo nafuu pekee.

Mjomba wangu akisikia shairi la Kiswahili anauliza, "Herufi iko wapi?" Namwambia angalia mwisho wa kipande, vina viko pale. Anasema mwisho wa neno ni rahisi, mlango ni mwanzo.

---

mtoto wa bandarini

Mwambie mjomba aje Mombasa atunge mizani kumi na sita kwa mstari, vina vya kati na vya mwisho visiteleze, kisha tuzungumze urahisi 😄

Ila ukweli usemwe, nadhani mwalimu katoa sababu bila kukusudia. Mshairi wa Kiswahili mwanzo wa neno umejaa wa, ki, vi, m, zishapangwa. Angewezaje kuufanya sheria? Akakimbilia mwisho.

---

Mwalimu wa Zamu

Mwisho nao umejaa -a za vitenzi, zimejaa kama mchanga. Lakini sikatai, kuna jambo hapo la kuwaza. Nitalala nalo.

---

Mpika Chapati

Jamani mmenisahau! Fundi anakuja kesho asubuhi. Ngao ya Taifa mimi siiwezi, nina kibanda.

---

Mama Doti

Hahaha pole mwaya. Tumejisahau. Haya tuhesabu CH za mezani, mimi naanza: chachandu, choroko, chumvi, chipsi, chenza.

---

Sombe na Samaki

Chujio. Chupa.

---

mtoto wa bandarini

Changu na chewa, hao ni samaki. Chaza. Kwa Morogoro labda uwapate kwenye ndoto.

---

Mwalimu wa Zamu

Mkumbuke kitu: chai, chapati, chipsi, haya ni maneno ya kuja. Maneno ya kuja mara nyingi hayana kiambishi, hivyo sauti yake ya mwanzo inakaa imara, na ndiyo maana ni mazuri kwa kazi hii. Kabati, karata, kalamu: K ni zao. Lakini msiyaamini yote. *Kitabu* kilikuja kutoka Kiarabu na ki yake mwenyewe, Waswahili wakaichukua wakaigeuza kiambishi, leo tuna vitabu. Na ule mzunguko wa barabara, kipilefti, tunao vipilefti. Lugha ikiona ki hailali.

---

Kalamu Kavu

Dada, ninakupa hesabu ambayo hakuna aliyeisema. CH ni sauti moja. Fundi anatoza herufi mbili. Chai, chapati, chapuchapu: nenda kahesabu H. Ziko nne. Hiyo ni 2,000 unalipia herufi zisizosema chochote peke yake.

Ungekuwa unauza pilau, papai na pilipili ungekuwa umeokoa.

---

Mpika Chapati

> Hiyo ni 2,000 unalipia herufi zisizosema chochote

Jamani 😭😭 Kalamu Kavu wewe ni wa kukaa na pesa za kikoba.

---

Dereva wa Masafa

Kata U. CHAPCHAP. Mtaani ndivyo inavyosemwa. Herufi 8 badala ya 10.

---

Mwalimu wa Zamu

Kiswahili sanifu kinataka irabu mwishoni, lakini... dada, ni 500 zako. Sijaona kitu.

---

Mama Doti

Mimi sijaipenda chapuchapu. Nasema mapema. Jina la kanga ukilivaa unalisema wewe mwenyewe kwa watu. Bango nalo ni hivyo, linaahidi. Je, chapati zako unasukuma za mapema ukaweka kwenye hotpoti, au unachoma mteja akifika?

---

Mpika Chapati

Nachoma mteja akifika, ndiyo sifa yangu. Lakini sichelewi. Dakika tano, sita.

---

Mama Doti

Basi weka CHOROKO. Chai, chapati, choroko. Herufi 18, elfu tisa kamili. Na choroko haikimbizani na mtu.

---

Mpika Chapati

Choroko sipiki dada. Napika maharage.

---

Kalamu Kavu

Hapo ndipo ninapowaambia. Herufi imeshaanza kumpangia mtu nini apike. Ukiendelea hivi kesho utamwambia mteja maziwa hakuna kwa sababu ni M.

---

Mpika Chapati

Nimeamua, CHAI CHAPATI CHAPCHAP. Herufi 19, shilingi 9,500. Asanteni sana wakuu, mungu awabariki. Nitaleta mrejesho.

---

*Wiki mbili baadaye*

Mpika Chapati

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Bango limetoka zuri, nyekundu kwenye njano, linaonekana hadi ng'ambo ya barabara. Wateja wameongezeka, sidanganyi. Watoto wa shule wakipita wanaimba "chai chapati chapchap, chai chapati chapchap", mpaka nikilala naisikia.

Tatizo ndilo hili. Ijumaa kaja baba mmoja wa basi la kwenda Dodoma. Kaagiza chapati mbili na chai ya maziwa. Nikaweka tawa jikoni. Dakika ya pili kaanza kutazama juu. Dakika ya tatu kaniambia, "Mama, hebu nisomee hapo." Nikadhani hajui kusoma. Nikamsomea. Akasema, "Neno la mwisho rudia." Watu wote kwenye benchi wakacheka. Basi likapiga honi, akaondoka na chapati moja mbichi katikati.

Tangu hapo ndiyo imekuwa salamu yao. Hata bodaboda wangu wa siku zote, ambao zamani walikaa nusu saa wanapiga soga, sasa nikigeuka tu: "Mama, somaaa."

---

Dereva wa Masafa

Nimecheka kwa nguvu kituo cha mafuta watu wananitazama. Pole mama.

---

Kalamu Kavu

Sisemi kitu.

---

Mama Doti

Mimi nasema. NILISEMA.

---

Kijana wa Garissa

Kwetu mshairi akibanwa na herufi akaweka neno lisilo la kweli, wasikilizaji wanamkamata hapo hapo. Naona Msamvu nako wapo.

---

Mwalimu wa Zamu

Nimekosa mimi. Nilipima mzizi, nikapima kiambishi, nikaona H za fundi zikihesabiwa, na sikupima dakika za chapati. Dada, unaweza kuwapoza kwa kuchoma chache mapema asubuhi ukazifunika?

---

Mpika Chapati

Nimejaribu siku mbili mwalimu. Zinakuwa kama ngozi ya kiatu, na wateja wa zamani wamenuna. Siwezi kuharibu chapati kwa ajili ya neno.

Kwa hiyo hapa ninapoandika nimeloweka kilo mbili za choroko. Mama Doti umeshinda. Nitaziunga kwa nazi, tuone kama zitatoka. Maharage nayo yatabaki, ila hayatakuwa na bango. Nimempigia fundi, kasema kufuta neno moja na kuandika jingine bei ni ile ile kwa herufi, yaani 3,500 kwa CHOROKO. Ila chapchap ilikuwa na herufi nane na choroko ina saba, kwa hiyo pembeni itabaki nafasi ya herufi moja. Kasema atanichorea kikombe hapo, bure.

---

Kalamu Kavu

Kikombe ni K. Tena wingi wake ni vikombe, mwalimu atakufelisha. Mwambie achore chupa ya chai.

---

Mpika Chapati

😂😂😂 Namtumia ujumbe sasa hivi.